Ruzuku za kufufua mitaa na katikati ya jiji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila unapoitishwa mkutano wa wakazi kuhusu fedha za kufufua mtaa. Huulizwa na mama mwenye duka la kona, na mpangaji anayehofia kuhamishwa, na kijana aliyekabidhiwa kuandika andiko la mradi bila kuelekezwa lolote. Sheria na mifano ni ya Marekani, kwa kuwa huko miji iliyopoteza viwanda imepewa ruzuku za aina hii kwa miongo mingi, na matokeo yake, mazuri na mabaya, yanaonekana kwa macho. Nimewahi kukaa upande wa wanaoomba, kisha upande wa wanaosimamia ujenzi. Ninajibu kama ninavyojibu nikiulizwa ana kwa ana.

Mji uliokuwa na uwezo wake unafikaje mahali pa kuomba?

Mara nyingi huanza na ajira. Youngstown, katika jimbo la Ohio, wazee wanaikumbuka tarehe yenyewe: Jumatatu, 19 Septemba 1977, ilipotangazwa kwamba kiwanda kikubwa cha chuma kinafungwa na watu kama 5,000 watakosa kazi. Mji huo ulikuwa na wakazi 170,002 mwaka 1930. Sensa ya 2020 ilihesabu 60,068. Detroit ilivuka watu milioni 1.8 mwaka 1950, na mwaka 2020 walibaki 639,111.

Watu huhama, lakini mabomba hayahami. Barabara, mitaro na taa zilizojengwa kwa ajili ya watu milioni na zaidi zinabaki pale pale, na wachache waliobaki ndio wanaozilipia. Kodi ya majengo ikipanda jirani anaondoka. Huduma zikishuka jirani anaondoka vilevile. Juu ya hayo kuna ramani za mikopo za miaka ya 1930, ambazo zilipaka rangi nyekundu mitaa ya Weusi na kuitangaza kuwa ya hatari kwa wakopeshaji. Mwenye nyumba asiyeweza kukopa haezeki paa upya, na paa linalovuja miaka kumi humaliza nyumba nzima.

Kwa nini benki zisikopeshe tu, ruzuku ya nini?

Tuseme jengo la ghorofa mbili katikati ya mji linahitaji ukarabati wa dola 200,000. Likishakamilika, kwa soko la mji huo, litauzwa dola 120,000. Hakuna benki itakayotoa zile 80,000 za katikati, na wala si kwa roho mbaya, hesabu haifungi. Ruzuku ipo kwa ajili ya pengo hilo. Ukielewa hili umeelewa zaidi ya nusu ya mambo yote ya fani hii, na utajua pia lini ruzuku haistahili kutolewa: pale ambapo hakuna pengo, na mwekezaji angejenga hata bila msaada.

Fedha zenyewe hutoka wapi?

Mkondo wa zamani na wa uhakika zaidi ni CDBG, ruzuku ya maendeleo ya jamii iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1974 na kusimamiwa na Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji, HUD. Miji yenye watu 50,000 na zaidi kwa kawaida hupata mgawo wake moja kwa moja kila mwaka. Miji midogo hupitia serikali ya jimbo. Angalau asilimia 70 ya fedha lazima iwafaidi watu wa kipato cha chini na cha kati. Huduma kwa watu, kama mafunzo au malezi ya vijana, haziruhusiwi kuzidi asilimia 15, na mipango pamoja na utawala haviruhusiwi kuzidi asilimia 20. Kwa hiyo ukiambiwa na ofisi ya jiji kwamba fungu la vijana limekwisha wakati la barabara bado lipo, huenda wanakwambia ukweli.

Kwa mitaa yenye makazi ya umma yaliyochakaa kuna Choice Neighborhoods, iliyoanza mwaka 2010 kuchukua nafasi ya HOPE VI, programu ya awali ya kujenga upya makazi hayo. Kuna nafuu za kodi: mwenye jengo la kihistoria la biashara anaweza kurudishiwa asilimia 20 ya gharama za ukarabati kupitia kodi yake, na nyumba za bei nafuu zina nafuu yake tangu mwaka 1986. Kisha kuna wakfu binafsi kama Kresge, Ford, Mott na Knight, ambazo huweza kulipia vitu ambavyo serikali hailipii, hasa mishahara ya watu wanaogonga milango na kuitisha mikutano.

Sheria ya mwaka 2021 ya kukabili athari za korona ilimwaga dola bilioni 350 kwa majimbo, kaunti na miji. Fedha hizo zilitakiwa ziwe zimeshafungwa kwenye mikataba mwisho wa 2024 na kutumika zote kufikia mwisho wa 2026. Miji iliyozitumia kwa vitu vya mara moja, kama kubadilisha mabomba au kuezeka majengo, imefanya busara. Iliyozitumia kuajiri watu wa kudumu imejiwekea shimo mbele yake.

Kwa nini wazee wa mtaa hununa wakisikia neno “kufufua”?

Kwa sababu waliwahi kufufuliwa. Sheria ya nyumba ya mwaka 1949 iliipa miji fedha za kununua na kusafisha mitaa iliyoitwa mibovu. Detroit, mtaa wa Black Bottom, wenye maduka, makanisa na kumbi za muziki za Weusi, ulisawazishwa, na barabara kuu ikapita juu yake. Boston, mtaa wa West End ulibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1950 na familia kama 2,700 zikatawanyika. Sheria ya kuwalipa na kuwasaidia wanaohamishwa na miradi ya serikali ya shirikisho ilikuja mwaka 1970, wengi wakiwa wameshaondoka mikono mitupu.

Basi mzee akisimama mkutanoni akauliza “mara hii mtatupeleka wapi?”, usimkatishe. Mjibu kwa ramani na majina ya mitaa.

Mkazi wa kawaida anaweza kuomba mwenyewe?

Kwa nadra. Mwombaji huwa jiji, shirika lisilo la faida au mamlaka ya makazi. Mkazi hupata kupitia programu ambazo hao wameziunda: ukarabati wa nyumba za wazee, msaada wa malipo ya awali kwa mnunuzi wa nyumba ya kwanza, au ruzuku ya sura ya duka.

Nina duka. Ruzuku ya sura ya duka inalipia nini?

Kwa kawaida upande unaotazama barabara tu: madirisha, mlango, kibao, taa, rangi, kivuli cha turubai. Programu nyingi hulipa nusu, nawe unalipa nusu.

Jambo moja ambalo ningependa kila mwenye duka alijue: chungulia nyuma ya mabati. Miaka ya 1950 na 1960 wafanyabiashara wengi walifunika kuta za matofali kwa mabati au alumini ili waonekane wa kisasa. Nimesimama barabarani asubuhi ya baridi nikitazama mafundi wawili wakiling'oa bati la kijani kibichi, msumari baada ya msumari. Nyuma yake kulikuwa na madirisha manne marefu yenye matao, vioo vikiwa bado vizima, na jina la muuza viatu wa zamani limechorwa ukutani kwa rangi nyeupe iliyofifia. Mwenye duka alikuwa ameomba fedha za bati jipya. Akabadilisha ombi siku ile ile, na gharama ikashuka.

Lakini uliza mapema kuhusu mishahara. Kazi ya ujenzi inayolipiwa na fedha za shirikisho, mkataba ukizidi dola 2,000, mara nyingi huangukia sheria ya Davis-Bacon ya mwaka 1931, na mkandarasi wako lazima awalipe mafundi viwango vilivyopangwa na awasilishe orodha ya malipo kila wiki. Fundi wa mtaani asiyejua hili atakupa bei ya chini, kisha ataacha kazi katikati.

Tumeshinda ruzuku! Fedha zinaingia lini kwenye akaunti?

Pengine haziingii kabla hamjatumia zenu. Ruzuku nyingi za serikali ni za kurejeshewa: mnalipa, mnapeleka risiti, mnasubiri. Hapa ndipo vikundi vidogo huumia. Nilikuwa kwenye kikundi kimoja kilichoshinda fedha nyingi kuliko kilivyowahi kuona, na miezi minne baadaye tulikuwa tunamkwepa mkandarasi wetu wenyewe, kwa sababu ofisi iliyotakiwa kuturejeshea ilikuwa inazungusha karatasi kutoka meza hadi meza. Tuliokolewa na mkopo wa muda mfupi kutoka kwa mkopeshaji wa jamii, yaani taasisi inayokopesha miradi ya mitaa. Tafuta mkopo huo kabla ya kusaini mkataba wa ruzuku, na riba yake iweke kwenye bajeti.

Kosa la pili ni la haraka. Kwa fedha za HUD, tathmini ya mazingira lazima ikamilike na ruhusa ya kutumia fedha itoke kwanza. Ukinunua kiwanja, ukibomoa au ukisaini mkataba wa ujenzi kabla ya hapo, unaweza kupoteza ruzuku kwa mradi huo, hata kama hujagusa senti yao na umetumia fedha zako. Nimeona watu wema wakifanya hivyo kwa furaha ya ushindi. Furahini, pigeni picha, lakini msisaini kitu.

Mchango anaotakiwa mwombaji kuongeza juu ya ruzuku lazima uwe fedha taslimu?

Si lazima kila mara. Ardhi, vifaa na saa za watu wanaojitolea huweza kukubalika, mradi viwe na thamani inayothibitika na kumbukumbu zilizotiwa sahihi. Daftari la mahudhurio la Jumamosi ya kufanya usafi lina thamani ya fedha. Lihifadhi kama fedha.

Tuna viwanja vitupu kila kona na hatuna fedha za kujenga. Tuanzie wapi?

Anzeni na nyasi. Sisemi hivi kuwafariji. Katika maswali yote ya ukurasa huu, hili ndilo lenye ushahidi imara zaidi.

Philadelphia, kwa miaka mingi, chama cha bustani kiitwacho Pennsylvania Horticultural Society kimekuwa ikisafisha viwanja vilivyotelekezwa kwa namna moja rahisi: wanazoa takataka, wanasawazisha udongo, wanaotesha nyasi, wanapanda miti michache, na kuzungushia uzio mfupi wa mbao wenye uwazi wa mtu kupita. Watafiti walichukua viwanja 541 wakavigawa kwa kura: vingine vikafanyiwa kazi hiyo yote, vingine vikazolewa takataka tu, vingine vikaachwa kama vilivyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Katika mitaa maskini zaidi, matukio ya bunduki yalipungua kwa asilimia 29 kuzunguka viwanja vilivyotengenezwa. Wakazi wa karibu waliosema wanajisikia wameelemewa na huzuni walipungua kwa asilimia 41.5. Gharama ilikuwa kama dola 1,600 kwa kiwanja, kisha kama dola 180 kwa mwaka kukitunza.

Ule uzio ndio ninaoupenda. Ni mfupi, mtoto anauruka, hauzuii mtu. Unachozuia ni lori la kumwaga kifusi usiku. Na unamwambia kila apitaye kwamba hapa pana mwenyewe.

Angalieni lakini ile dola 180. Kiwanja kilichooteshwa nyasi kisha kikaachwa hugeuka pori msimu mmoja, na jirani aliyekuwa ameanza kuketi kibarazani anarudi ndani. Kwa kila mradi ninaoletewa nauliza swali moja: nani atakata nyasi mwaka wa sita? Ruzuku kwa kawaida haifiki mwaka wa sita. Nikijibiwa “jiji”, naomba barua ya jiji.

Nyumba zilizotelekezwa: tubomoe au tukarabati?

Kabla ya hilo, jueni ni za nani. Nyumba nyingi zimekaa miaka bila mwenyewe kujulikana, kodi haijalipwa, hati imepita mikono mitatu ya makampuni ya mbali. Michigan ilibadilisha sheria mwaka 1999 ili nyumba zenye madeni ya kodi zifike mikononi mwa umma haraka na kwa hati safi, isiyo na mdai mwingine. Kaunti ya Genesee, uliko mji wa Flint, ikajenga juu ya sheria hiyo benki ya ardhi ambayo miji mingine imeiga: chombo cha umma kinachopokea nyumba na viwanja hivyo, kuvisafishia hati, na kuamua kipi kiuzwe, kipi kibomolewe, kipi apewe jirani kupanua ua wake. Bila hati safi, ruzuku yako inakarabati mali ya mtu usiyemjua.

Kuhusu kubomoa, nina upande. Nyumba iliyoungua, iliyo peke yake katikati ya viwanja vitupu, iondoke. Jengo la kona la katikati ya mji, lenye kuta zinazosimama, lifungwe madirisha, lizibwe paa na lisubiri hata miaka kumi. Safu ya majengo ni kama meno. Ukishang'oa la kona, mtaa wote unalegea na wapita njia wanaanza kuvuka upande wa pili. Na kubomoa nako kuna gharama zake: kuondoa asbestosi, kujaza shimo la msingi kwa udongo safi, kukata bomba la maji mahali panapostahili. Kataeni bei isiyotaja vitu hivyo vitatu.

Kwa nini tusijenge kitu kimoja kikubwa kitakachovuta wageni?

Flint walijaribu. Julai 1984 walifungua AutoWorld, bustani ya burudani ya ndani iliyohusu magari, kwa makumi ya mamilioni ya dola zilizotoka serikalini, kwenye wakfu na kwa wawekezaji. Wageni hawakuja kwa idadi iliyotarajiwa. Ikafungwa ndani ya mwaka, na mwaka 1997 ikabomolewa. Mwaka 1959 Kalamazoo, jimbo hilo hilo la Michigan, ilifunga barabara yake ya maduka kwa magari ikawa ya waenda kwa miguu, miji mingi ikaiga, na mingi ikaja kuzifungua tena. Kalamazoo yenyewe ilirudisha magari kwenye sehemu ya barabara hiyo mwishoni mwa miaka ya 1990.

Kuna miradi mikubwa iliyosimama. Kituo cha treni cha Michigan Central, Detroit, kilifungwa mwaka 1988, kikakaa gofu miaka thelathini, kampuni ya magari ya Ford ikakinunua mwaka 2018, na kikafunguliwa tena Juni 2024. Lakini pale alikuwepo mwajiri halisi mwenye fedha zake na sababu ya kulitumia jengo kila siku.

Kwa mji usio na mwajiri wa namna hiyo, njia ya Main Street ni ya polepole na salama zaidi. Ilianza kujaribiwa mwaka 1977 katika miji mitatu midogo, Galesburg, Madison na Hot Springs, chini ya taasisi ya kitaifa ya kuhifadhi majengo ya kihistoria. Inafanya mambo manne kwa pamoja: uchumi, usanifu, matangazo na kuwaunganisha watu, na katikati yake kuna meneja mmoja anayelipwa, ambaye kazi yake ni kuujua kila mlango wa barabara ile.

Wakazi watapataje sauti ya kweli, si ya kupiga makofi?

Kwa viti vya uamuzi. Kisa ninachokirudia ni cha Dudley Street, Boston. Katikati ya miaka ya 1980 eneo lile lilikuwa na viwanja vitupu kama 1,300, na usiku malori yalikuja kumwaga takataka. Wakfu wa Riley na mashirika ya eneo hilo wakaandaa mpango mzuri wa ushirikiano na kuuwasilisha mbele ya wakazi. Wakazi wakauliza swali rahisi: kati yenu mliokaa mbele, wangapi wanaishi hapa? Bodi iliyopendekezwa ilikuwa na wakazi wachache. Sifa kwa waliokaa mbele ni kwamba walirudi kuuandika upya: wakazi wakapata wingi wa viti, na Weusi, Walatino, watu wenye asili ya Cape Verde na Wazungu wakapewa idadi sawa.

Wakaanza na takataka, kwa sababu kila mtu aliinusa. Mwaka 1988 jiji likawapa kitu ambacho kikundi cha wakazi hakipewi: mamlaka ya kutwaa viwanja vitupu kwa lazima, kwa fidia, katika sehemu ya eneo lao. Ardhi hiyo ikawekwa kwenye dhamana ya ardhi ya jamii. Watu wanamiliki nyumba zao, ardhi chini yake inabaki ya jamii.

Mtaa ukipendeza, kodi yangu ya pango haitapanda?

Inaweza kupanda, na anayekuahidi haitapanda anakudanganya. Kinga zipo, ila huwekwa mwanzoni, ardhi ikiwa bado rahisi: dhamana ya ardhi ya jamii yenye ukodishaji wa miaka 99, masharti ya bei yaliyoandikwa kwenye hati, nafuu ya kodi ya majengo kwa wazee wenye nyumba zao. Nyumba zilizojengwa kwa nafuu ya kodi ya mwaka 1986 kwa kawaida hubanwa kubaki za bei nafuu miaka 30. Uliza mwaka wa kwisha, uandike ukutani.

Tutunze karatasi kwa muda gani?

Kwa fedha za shirikisho, angalau miaka 3 tangu ripoti ya mwisho ya fedha, na programu nyingine zinataka zaidi. Shirika linalotumia dola 1,000,000 au zaidi za shirikisho kwa mwaka wa fedha hulazimika kufanyiwa ukaguzi maalumu. Kwa miaka ya fedha iliyoanza kabla ya 1 Oktoba 2024 kiwango kilikuwa 750,000.

Ombi letu limekataliwa. Tufanye nini?

Ombeni alama na maoni ya waamuzi kwa maandishi. Programu nyingi hutoa zikiombwa. Mara nyingi utakuta mlipoteza kwenye vitu vidogo: bajeti isiyolingana na maelezo, barua ya mmiliki wa ardhi inayokosekana, malengo yasiyopimika. Wakati mnasubiri duru inayofuata, chagueni kiwanja kimoja. Pigeni picha mkisimama mahali pale pale kila mwezi, andikeni waliokuja na saa walizofanya kazi, tunzeni risiti ya mafuta ya mashine ya nyasi. Mwakani ambatanisheni picha kumi na mbili na daftari.